Land Rover ya baba: injini ya Toyota, au iachwe ilivyo?

Swali: "Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu hapa Mafinga. Baba alifariki mwaka juzi akatuachia Land Rover 109, Series IIA ya mwaka 1967, ya petroli. Imelala bandani miaka 11. Mafundi wa hapa wananiambia ning'oe injini niweke ya Toyota ya dizeli, breki za diski mbele na usukani wa pawa, ndipo litakuwa gari. Baba mdogo aliyeko Dar es Salaam anasema nisiguse hata nati moja, maana magari ya asili ndiyo yatakayokuwa na thamani. Nimsikilize nani? Na je, miaka ishirini ijayo atakuwepo mtu anayejali magari haya?"

Marahaba, mwalimu. Poleni sana kwa kumpoteza mzee.

Nianze na baba mdogo, kwa sababu alilolisema lina ukweli, ila amelichukua lote kama lilivyo kutoka nchi za watu. Huko Marekani kuna chama cha wapenzi wa magari ya kale, AACA, kilichoanzishwa mwaka 1935. Kwenye maonyesho yao waamuzi wanapita gari kwa gari wakiuliza swali moja: je, hivi ndivyo lilivyotoka kiwandani? Kibano cha mpira wa maji kikiwa cha aina nyingine, alama zinapungua. Kwa miaka mingi swali hilo liliwafanya watu wapake rangi mpya, washone viti vipya, wang'arishe mpaka boliti za chini ya gari ambazo kiwandani hazikuwahi kung'aa. Baadaye wakashtuka kwamba wameyafuta magari yenyewe. Mwaka 1987 AACA wakaongeza kundi la magari ambayo hayajafanyiwa ukarabati, yenye rangi iliyopauka na viti vilivyochanika, yanayoheshimiwa kwa sababu hayajaguswa. Shirikisho la kimataifa la magari ya kihistoria, FIVA, lililoundwa mwaka 1966, nalo lina mwongozo uitwao Mkataba wa Turin. Kwa maneno yangu ya gereji, unasema hivi: hifadhi kwanza, ukilazimika kubadilisha, badilisha kidogo, kwa namna inayoweza kurudishwa, na uandike ulichofanya.

Mwongozo huo naukubali. Ila baba mdogo anaposema "asili" anafikiria siku gari lilipotoka kiwandani Solihull, Uingereza. Mimi nafikiria siku lilipofika Mufindi.

Hebu tazama mwaka wenyewe, 1967. Rhodesia ilikuwa imejitangazia uhuru wa walowezi Novemba 1965, Zambia ikabanwa upande wa kusini, na mafuta yake yakaanza kupita kwetu: Dar es Salaam, Morogoro, Kitonga, Iringa, Makambako, Mbeya mpaka Tunduma, juu ya barabara ya vumbi ambayo masika ilikuwa tope mpaka magotini. Madereva wa Kizungu waliiita njia ya jehanamu. Sehemu kubwa ya njia haikuwa na lami, na reli ya TAZARA ilikuja kukamilika mwaka 1975. Land Rover yako ilipokuwa mpya, barabara yake kuu ilikuwa hiyo. Kibati alichokipigilia fundi wa kijijini kwenye mlango, tundu la boliti lililoachwa na kiti cha abiria cha nyongeza, welding mbaya ya kwenye bampa, hivyo pia ni asili ya gari. Kiwanda hakiwezi kukuuzia.

Kwa hiyo, kabla hujamruhusu mtu apige msasa, chukua kitambaa chenye maji ya sabuni usugue milango taratibu. Magari mengi ya umri huo huku kwetu yalinunuliwa kwenye minada ya serikali, ya mashamba ya chai au ya mashirika ya umma, yale ya namba za SU. Chini ya rangi ya mzee unaweza kukuta maandishi ya mwenye gari wa kwanza. Ukiyakuta, yaache yalivyo na upige picha.

Sasa nije kwa mafundi wako wa Mafinga. Siwacheki. Wanaona gari linalokunywa lita moja kwa kilomita tano au sita, wanaona spea za Toyota zimejaa kila duka, wanataka kukusaidia. Tatizo ni kwamba wamekutajia mambo matatu kana kwamba yako mbalimbali, na hayako mbalimbali.

Chukua breki za diski. Gari lako lina dramu za inchi 11, na mbele kila gurudumu lina silinda mbili zinazosukuma breki shuu zote zifuate mzunguko wa dramu. Shuu ya namna hiyo hujikaza yenyewe: dramu ikizunguka inaivuta izidi kuuma. Ndiyo maana mguu wa mtu wa kawaida unaweza kulisimamisha gari zito bila kusaidiwa. Diski haina tabia hiyo. Ukiiweka bila silinda ya kusaidia mguu, ile ya upepo, pedali inakuwa ngumu kuliko ilivyokuwa. Basi utahitaji msaidizi. Msaidizi huyo anafanya kazi kwa tofauti kati ya hewa ya nje na mvuto wa injini, na injini ya dizeli haivuti upepo kama ya petroli. Inahitaji pampu yake, ile ambayo kwenye injini nyingi za Toyota inakaa mgongoni mwa altaneta. Altaneta hiyo nayo inataka waya mpya. Injini yenyewe haikai kwenye vishikio vya zamani, kwa hiyo chasi itakatwa. Nguvu yake inapitia giaboksi ya Rover na kuishia kwenye hafu shafti za nyuma, zile fimbo zinazozungusha magurudumu, ambazo kwenye Series zilikuwa zinakatika hata kwa injini yake mwenyewe. Hafu shafti ikikatika, mtakubaliana muweke eksi ya Toyota. Eksi ya Toyota ina upana wake, na springi zake. Ukifika hapo una Toyota iliyovaa koti la Land Rover, umelipa bei ya magari mawili, na hujafika Iringa.

Nimeyaona magari hayo. Mengine yanafanya kazi vizuri, sikatai; anayebeba viazi kutoka Makete kila siku hana muda wa kusikiliza hadithi zangu. Wewe hujaniandikia kuhusu kubeba viazi.

Usukani wa pawa naumaliza upesi. Ili kuuweka, mara nyingi mtu hukata mbele ya chasi. Usukani wa Series ukiwa mzito kupita kiasi, ujue vile viungo vya duara nyuma ya magurudumu ya mbele vimekauka mafuta, au ile rilei iliyosimama ndani ya chasi nyuma ya grili imekauka, au tairi hazina upepo. Tia mafuta, jaza upepo, kisha uzungushe gari likiwa linatembea, si likiwa limesimama. Tairi za 7.50-16 bado zinauzwa kwa ajili ya magari ya kazi, hilo lisikusumbue.

Breki ndizo ninazotaka tukae nazo, kwa sababu hapo ndipo simuungi mkono baba mdogo hata kidogo.

Gari lako lina njia moja ya mafuta ya breki. Mpira mmoja ukipasuka kwenye gurudumu lolote, pedali inazama sakafuni na magurudumu yote manne yanakosa breki kwa pamoja. Mwaka 1967, kwenye barabara ya vumbi, kwa kasi ya kilomita 50 kwa saa, huku barabara nzima ni yako, mtu aliweza kujiokoa kwa gia na kingo za barabara. Leo unashuka Kitonga una lori la makontena mgongoni na basi linakupita kwenye kona. Dramu ikipata moto inatanuka na kuzikimbia shuu, kwa hiyo unakanyaga zaidi na kupata kidogo zaidi kila mara. Mafuta ya breki yaliyokaa miaka 11 yamenyonya unyevu. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabanwa kama puto. Nilikuwa kijana nilipoteremka Iwambi kuelekea Mbalizi na gari la mteja lenye mafuta ya breki ya zamani. Nililisimamisha kwa gia ya kwanza na ukuta wa udongo. Mteja alilipwa bampa, mimi nikapata adabu.

Kwa hiyo breki zako zibadilishe, lakini kwa vitu vya ukoo wake. Series III za miaka ya mwisho zilikuwa na silinda kuu yenye njia mbili na msaidizi wa upepo. Boksi lote la pedali linashikwa kwa boliti kwenye ukuta wa injini. La zamani linatoka, la mdogo wake linaingia, hakuna kinachokatwa. Dramu zibaki. Zichongwe kama zimeota mifereji, weka shuu mpya, mipira mipya yote, mabomba mapya yote. Kumbuka breki hizi hazijirekebishi zenyewe. Kuna boliti nyuma ya kila gurudumu ya kuzisogeza shuu. Wengi wanaosema "Land Rover haina breki" hawajawahi kuigusa boliti hiyo. Na kwa kuwa huku hewa ni nyepesi, msaidizi wa upepo hatakusaidia kama anavyosaidia Dar es Salaam. Ukilijaribu gari Ubungo ukaridhika, jipunguzie majivuno ukifika Uyole.

Boksi la zamani lipake grisi, lifunge kwenye gunia, uliandike, uliweke juu ya dari. Mwanao akitaka kulirudisha itakuwa kazi ya siku moja.

Taa nazo. Dainamo ya gari hilo inatoa ampea 22 ikiwa nzima na injini inazunguka vizuri. Taa mbili za halojeni peke yake zinakula ampea 10 hivi. Ongeza waipa na taa za nyuma, na ukiwa kwenye ukungu wa Kitulo gia ya pili, injini inazunguka polepole, betri inaanza kulipa deni. Altaneta inakaa mahali pa dainamo kwa kubadilisha kishikio tu, nami naiunga mkono. Ila tazama kwanza: kwenye Land Rover za zamani, nguzo chanya ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye bodi, sio hasi. Mwaka 1967 uko kwenye mpaka wa mabadiliko hayo. Usisikilize mtu, angalia waya. Ukifunga altaneta ya kisasa kinyume, inaungua kabla hujafunga boneti. Mikanda ya kiti weka pia, ya mbele angalau, iliyoshikwa kwenye chuma imara na sio kwenye alumini ya bodi.

Injini yenyewe, ile ya lita 2.25, mwombe Mungu isiwe imekwama, kisha uiache. Kitabu cha kiwanda kinaipa nguvu za farasi 77. Injini isiyo na tabo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo hapa Mbeya, kwenye mita 1,700, umebaki na farasi 60 na kidogo hata kama ni mpya. Halafu kabureta halijui kwamba umepanda mlima. Linaendelea kumwaga petroli ya pwani kwenye hewa ya nyanda za juu. Plagi zinakuwa nyeusi tititi, gari linakohoa, na mwenye gari anasema injini imechoka. Nusu ya "injini zilizochoka" nilizoletewa maishani zilitaka jeti kuu, kile kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli, iwe ndogo kwa namba moja au mbili, na taimingi, yaani wakati wa cheche, kusogezwa mbele kidogo. Jeti ya zamani iweke kwenye bahasha ndani ya gari. Siku ukishuka Dar es Salaam kwa baba mdogo utaihitaji.

Utaambiwa pia kwamba petroli ya leo haina madini ya risasi na itakula siti za valvu, kwa hiyo uchonge hedi. Petroli yenye risasi iliondolewa nchi zetu za kusini mwa Sahara mwanzoni mwa mwaka 2006, na tangu hapo nimeona Land Rover nyingi zikiendelea bila hasara. Pima nafasi za valvu, tembea kilomita elfu mbili, pima tena. Nafasi ikiwa inajifunga kila mara, siti zinazama, hapo tutazungumza. Ikiwa imebaki palepale, hela yako nunulia mabomba ya breki.

Na kuna kile kifaa kidogo cha elektroniki kinachoingia ndani ya distribyuta badala ya pointi, vile vyuma vinavyokata umeme ili plagi itoe cheche. Hakionekani, kinarudishwa kwa dakika kumi, wapenzi wengi wa magari duniani wanakisifia. Mimi sikipendi kwa mtu anayekwenda Chunya au Makete. Pointi zikikusumbua unazisugua kwa upande wa kiberiti na kuendelea na safari. Kile kikifa kimekufa. Ukikiweka, beba pointi na kondensa kwenye boksi la spana.

Chasi ndiyo itakayokula fedha. Bodi ni alumini, haiozi kirahisi, ndiyo maana gari linaweza kupendeza kwa nje huku chini limekwisha. Gonga chasi kwa nyundo ndogo kuanzia nyuma kuja mbele. Penye sauti ya kengele, sawa. Penye sauti ya boga, weka alama ya chaki. Fundi asibandike bati jipya juu ya kutu; akate mpaka afikie chuma kizima ndipo aunge. Ila namba ya chasi, iliyogongwa mbele upande wa kulia karibu na hanga ya springi, mtu asiiguse kwa grainda wala asijaribu kuihamisha kwa welding. Namba hiyo na ya injini ndizo zilizoandikwa kwenye kadi ya gari. Ukibadilisha injini au chasi, TRA wajue na trafiki wakague, vinginevyo siku ya kuuza utaonekana umeiba gari la baba yako.

Nikuambie kosa langu, maana nisijifanye nilizaliwa na busara hii. Miaka ya tisini niliikata dashibodi ya Peugeot 404 ili niingize redio ya kaseti. Mwenyewe alifurahi, mimi nilifurahi. Peugeot 404, nikukumbushe, ndilo gari ambalo Bert Shankland wa Dar es Salaam alishindia Safari Rally mwaka 1966 na 1967. Wazee wa huku wakiliona bado wanasimama. Zaidi ya miaka ishirini baadaye mtoto wa yule mteja akaniletea gari lilelile akitaka nirudishe dashibodi. Redio ilikuwa imekufa zamani, hata kaseti hazipo. Tundu lipo. Tangu hapo, mtu akiniletea kitu cha kisasa namuuliza kinashikwa na nini. Akisema boliti, tunaongea. Akisema grainda, namtengenezea chai kwanza.

Miaka ishirini ijayo? Hilo swali lako la mwisho wengi huliuliza kwa upande wa mafuta na umeme. Huko Uingereza Jaguar waligeuza gari lao la kale, E-Type, liwe la umeme, na mwaka 2018 Prince Harry aliliendesha siku ya harusi yake. Watu wakashangilia. FIVA wakasema waziwazi kwamba gari lililogeuzwa hivyo si gari la kihistoria tena mpaka mitambo yake irudishwe, na wakawashauri wanaogeuza wahifadhi kila kilichotolewa. Kwetu umeme si tishio la kesho asubuhi. Ninachokiogopa kiko karibu zaidi. Vijana ninaowapokea gereji wanajua kuchomeka mashine na kusoma makosa ya injini kwenye skrini, tena wanajua vizuri kunishinda. Ukimpa kabureta anauliza lichomekwe wapi. Fundi wa kulisikiliza gari kwa sikio akiisha, gari la asili litakuwa sanamu, na baba mdogo atakuwa ameshinda ubishi bila gari kutembea. Kwa hiyo kazi ya Land Rover yako usiipeleke kwa mzee peke yake. Tafuta kijana mmoja hapo Mafinga, mlipe awe anashika taa na spana wakati mzee anafungua.

Wapo watakaojali, nakuhakikishia. Mwaka 2024 Land Rover zilikusanyika Arusha kwa mamia kwenye tamasha lao, na waliokuwa wamezizunguka kupiga picha wengi walikuwa vijana.

Sasa kesho usiwashe. Najua utashawishika kununua betri na kujaribu. Toa plagi nne, mimina kijiko cha mafuta ya injini kwenye kila tundu, acha siku tatu. Fungua kisafisha hewa uone kama panya hawajajenga. Mwaga petroli yote ya tangini, fungua na kikombe cha pampu, utakuta uji wa kahawia. Halafu ingiza hendeli mbele, ile ya kuzungushia kwa mkono, kama mzee hakuipoteza, usukume taratibu kwa uzito wa mwili bila kulazimisha. Likizunguka hata robo, nipigie picha ya namba ya chasi na herufi iliyo mwishoni mwake, na ya waya wa betri ulikofungwa kwenye bodi. Lisipozunguka, ongeza mafuta, subiri wiki nyingine, na huyo fundi mwenye injini ya Toyota mwambie bado unasahihisha madaftari.